Mashine ya diski: mambo ya kuangalia mbele ya kuiwasha

Mu muji wa Manono, asubuhi inaanza na sauti mbili: pikipiki zenye kuchukua watu, na mashine ya diski. Ukipita karibu na soko utaisikia kila upande. Inakata tibu za milango na madirisha, inasafisha sehemu yenye imechomelewa mu fremu ya velo, inanoa majembe na vitiyo vya wachimbaji wa kasiterite. Mafundi wetu wanaiita meleze, kutoka mu Kifaransa. Ndugu zetu wa Tanzania, ng'ambo ya ziwa, wanaiita grenda. Mashine ni ileile.

Haiko kitu cha zamani sana. Kiwanda kimoja cha Ujerumani, chenye jina la FLEX, kilitoa ya kwanza yenye mwendo wa kasi mu mwaka wa 1954. Mpaka leo Wajerumani wengi wanaiita kwa jina la kiwanda kile. Leo iko mu kila atelie, hata ile yenye haina kitu kingine isipokuwa poste ya kuchomelea na nyundo.

Ni ndogo, mutu anaweza kuibeba kwa mukono mumoja. Ndiyo maana inatudanganya. Kila mutu anaogopa shoka ao panga, lakini watu wanapita mbele ya meleze yenye kuzunguka sawa vile wanapita mbele ya redio. Diski ikipasuka, kipande chake hakichagui kati ya fundi, apranti, ao mama mwenye kuuza mandazi ng'ambo ya barabara. Na mara nyingi diski yenye kupasuka ilikuwa na shida tangu mbele ya fundi kubonyeza kitufe. Mutu angeangalia, angeiona. Makala hii inaonyesha namna ya kuangalia.

Namba mbili za kusoma

Chukua mashine yako, tafuta karatasi ao kibati chenye kubandikwa pembeni. Kuna namba yenye kufuatwa na maneno tr/min, ao rpm, ao min⁻¹. Ni hesabu ya mizunguko kwa dakika moja. Kisha chukua diski, angalia namba yenye alama zilezile. Kanuni ni moja: namba ya diski inapaswa kuwa sawa na ya mashine ao kuipita. Haiwezi kuwa chini hata kidogo.

Sababu yake ni hii. Diski nyingi za kukata na kusugua chuma zinatengenezwa ili ukingo wake usipite mwendo wa mita 80 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilometa 288 kwa saa. Diski ndogo inaweza kuzunguka mara nyingi zaidi mbele ya kufika pale; diski kubwa inafika haraka. Ndiyo maana namba zinabadilika hivi:

– diski ya milimita 115: karibu mizunguko 13 300 kwa dakika
– diski ya milimita 125: karibu 12 200
– diski ya milimita 180: karibu 8 500
– diski ya milimita 230: karibu 6 600

Mashine ndogo ya 115 ao 125, nyingi zinazunguka mara 11 000 ao karibu. Sasa fundi anatoa kifuniko, anaweka diski ya 230 mu mashine ndogo, juu tundu la katikati linafanana: yote ni milimita 22 na kidogo. Inaingia vizuri. Lakini ukingo wa diski ile sasa unakimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde, karibu kilometa 477 kwa saa. Nguvu yenye kuvuta diski ili ipasuke haiongezeki kidogo tu: inakuwa karibu mara tatu ya ile yenye diski ilitengenezewa. Diski inaweza kuvumilia leo na kesho. Siku yenye itapata mufa mudogo, haitavumilia.

Wengine wanachukua diski ya 230 yenye imekwisha kulika, imebaki kama sahani ndogo, wanasema sasa inafaa kwa mashine ndogo. Hapana. Namba yenye kuandikwa juu yake inabaki 6 600. Hakuna mutu aliyeijaribu kwa mwendo mwingine, na ukingo wake haujabaki duara sawasawa.

Kifuniko ndicho kipimo

Katika atelie nyingi, kitu cha kwanza chenye kutolewa mu mashine mupya ni kile kifuniko cha chuma chenye kufunika nusu ya diski. Mafundi wanasema kinazuia kuona kazi, ao kinasumbua mu kona. Ni kweli kinasumbua. Lakini kinafanya kazi mbili.

Ya kwanza watu wanaijua: diski ikipasuka, kinazuia vipande vyenye kuelekea kwa mutu mwenye kushika mashine. Ya pili wengi hawaifikirii: kifuniko ni kipimo. Diski yenye haiingii ndani ya kifuniko haiko diski ya mashine ile. Hata mutu asiyejua kusoma namba anaweza kulinda maisha yake kwa kanuni hiyo tu. Ukitoa kifuniko, umetoa kipimo, na ndipo diski kubwa inapata mulango wa kuingia.

Kifuniko kikikusumbua, kilegeze na kukizungusha. Kimetengenezwa ili kigeuke. Sehemu yenye kufunikwa inapaswa kubaki kati ya diski na mwili wako.

Diski pia inazeeka

Diski ya kukata ni mchanga mugumu wenye kushikwa na gundi na nyavu ya nyuzi. Gundi hiyo inazeeka, hata kama diski haijatumiwa. Angalia ile pete ya chuma ya katikati: mu diski nyingi kunapigwa mwezi na mwaka. Ile ni tarehe ya mwisho, kwa kawaida miaka 3 tangu kutengenezwa. Diski yenye kulala miaka mingi mu duka, mu joto na unyevu, haina nguvu yenye ilikuwa nayo.

Unyevu ni adui mukubwa kwetu. Wakati wa mvua, tangu mwezi wa kumi mpaka mwezi wa ine, diski yenye kuachwa juu ya udongo wa atelie inakunywa maji, gundi inalegea. Na ikilowana upande mumoja, inakuwa nzito upande mumoja na mashine inatetemeka. Weka diski zako zikiwa zimelala, juu ya ubao, ndani ya sanduku kavu. Usiziegemeze ukutani, zitapinda. Usiweke chuma juu yake.

Diski yenye imeanguka juu ya simenti, itupe. Mufa unaweza kuwa ndani ya nyavu, jicho haliuone. Wazee wa kazi wanapiga jiwe la kunolea kwa kipande cha ubao na kusikiliza kama linalia vizuri. Njia hiyo ni nzuri kwa lile jiwe gumu la kunolea lenye kufungwa mu meza. Kwa diski nyembamba ya gundi haisaidii, juu yenyewe inatoa sauti nzito hata ikiwa nzima. Hiyo unaiangalia kwa macho: ukingo wenye kuvunjika, mupasuko karibu na pete, nyavu yenye kuonekana, alama ya maji. Ukiona kimoja, ivunje vipande viwili mbele ya kuitupa, ili mutoto asiiokote na kuiuzisha.

Dakika tano za asubuhi

Kazi hii inafanywa mashine ikiwa imechomolewa mu prizi. Kuzima kitufe peke yake hakutoshi.

1. Kable. Ipitishe mu vidole tangu prizi mpaka mu mashine. Tafuta pahali pameungua, pamekatika, ao pamefungwa na skochi. Angalia zaidi pale inaingia mu mwili wa mashine, juu pale inapinda kila siku. Kable yenye kukatika inafupishwa ao inabadilishwa. Skochi haiko dawa.

2. Mwili. Kama plastiki imepasuka, usiendelee. Ndani kuna umeme wa volti 220.

3. Kitufe. Kibonyeze na kukiachilia mara kumi. Kinapaswa kurudi chenyewe. Kitufe chenye kubaki ndani, ao chenye kufungwa na kamba ya mupira ili kisirudi, ndicho kinakata vidole.

4. Kifuniko. Kiko? Kimekazwa? Hakicheze?

5. Mukono wa pembeni. Ule wenye kufungwa upande wa kushoto ao wa kuume. Bila wenyewe, hauna mikono miwili juu ya mashine, na diski ikikwama mashine inakuruka usoni.

6. Rondela na ekru. Toa diski, pangusa rondela ya chini. Kipande kidogo cha chuma pale kinafanya diski ikae pembeni. Ekru inakazwa na ufunguo wake. Ukiikaza na msumari na nyundo, kesho itavunjika meno.

7. Muti wa mashine. Uzungushe kwa mukono. Ukisikia kitu kinakwaruza, ao muti unacheza upande kwa upande, rulma zimechoka.

8. Diski. Namba, tarehe, ukingo, pete.

Kisha chomeka, peleka mashine pahali hakuna watu, ishike na mikono miwili, diski ikiangalia chini ao ukuta, na uiwashe bila kugusa kitu. Kwa diski mupya iache izunguke kama nusu dakika. Usisimame mu mstari wa diski. Ikitetemeka ao ikitoa sauti yenye huijui, izime. Diski mbaya mara nyingi inajitoa mu sekunde za kwanza. Ni vizuri zaidi ifanye vile pahali hakuna mutu.

Umeme wetu na mashine

Tangu zamani Manono ni muji wa vyuma. Kampuni ya Géomines ilijenga bwawa la Piana-Mwanga mu mto Luvua ili kupata umeme wa kazi ya madini. Leo fundi wa kawaida anafanya kazi na umeme wenye kuja na kuondoka: jua, ao gurupu ndogo ya esanse. Mashine ya diski inaona taabu kwa hiyo, na kuna mambo matatu ya kujua.

La kwanza ni kukatika. Umeme umepotea, fundi anaweka mashine chini, anaenda kunywa maji. Lakini kitufe kilibaki kimefungwa mu hali ya kuwaka. Umeme ukirudi, mashine inaamka yenyewe juu ya meza, inaruka, inatafuta miguu ya mutu. Umeme ukikatika, fanya vitu viwili palepale: achilia kitufe, chomoa prizi. Hata kama unafikiri utarudi sasa hivi.

La pili ni nguvu ya gurupu. Mashine ndogo inaomba wati 700 mpaka 900. Kubwa ya 230 inaomba 2 000 na zaidi, na wakati wa kuanza inaomba zaidi. Gurupu ndogo yenye kulia kwa taabu inatoa umeme wa chini. Mashine inazunguka polepole, inapata joto, nyuzi za ndani zinaungua. Ukisikia harufu ya rangi yenye kuungua, simamisha. Usisukume.

La tatu ni ralonji. Kable nyembamba na ndefu inakula umeme njiani. Kwa mashine kubwa, tafuta kable ya milimita za mraba 2,5 kwa kila waya. Kama iko mu bobine, ifungue yote. Ikibaki imezungushwa inapata moto na inaweza kuyeyuka. Na mu mvua, ao ukiwa umesimama mu maji, kazi inangojea.

Sharbo, grisi na vumbi

Mashine yenye kuangaliwa vizuri inakaa miaka. Kila jioni, ichomoe, pangusa vumbi mu madirisha yake ya hewa kwa brashi kavu. Vumbi la chuma linapitisha umeme. Likijaa ndani linaweza kufikisha umeme pahali haupaswi kufika.

Kila baada ya wiki chache, angalia sharbo, yale makaa mawili madogo yenye kugusa sehemu ya injini yenye kuzunguka. Dalili zao ni hizi: mashine inaanza na kukatika, ao unaona cheche nyingi za buluu ndani ya madirisha ya nyuma. Zikibaki na urefu wa karibu milimita 5, zibadilishe, na zote mbili kwa siku moja. Kuna watu wanachonga kaboni ya betri ya tochi na kuiweka pale. Mashine itazunguka, ni kweli, lakini kaboni ile haikutengenezwa kwa kazi hiyo, inaweza kukwaruza shaba, na mwishowe utanunua injini nzima juu ya kukwepa bei ya sharbo.

Mu kichwa cha mashine kuna meno mawili yenye kugeuza mwendo. Kichwa kikipata joto sana hata bila kazi ngumu, ao kikilia kama kisaga, grisi imekwisha ao imejaa vumbi. Fungua, safisha, weka grisi mupya ya meno, lakini usijaze. Grisi nyingi nayo inaleta joto.

Wakati wa kazi

Miwani ni ya kwanza, hata kwa kazi ya dakika moja. Miwani ya jua haitoshi: inaacha pembeni wazi na kioo chake kinaweza kuvunjika. Vaa viatu vyenye kufunikwa. Funga nywele, toa kamba ya shingoni, ingiza shati. Glovu ziwe zenye kubana mukono. Kitambaa chenye kuning'inia kinavutwa na diski.

Chuma kifungwe mu eto ao kwa buloni. Usikishike na mguu, na usimwambie apranti akishike. Diski ya kukata inakata tu: ukisugua na upande wake, inapinda na kupasuka. Kwa kusugua kuna diski nene, ya milimita 6. Na msumeno wenye meno ya ubao usiuweke kamwe mu meleze. Meno yanashika, mashine inaruka, na mikono haitaweza kuizuia.

Cheche zinaweza kufika mita kumi. Angalia upande zinaenda. Mu barabara zetu, mara nyingi mwenye kuuza esanse mu chupa yuko karibu na atelie, na nyumba ya jirani ina manyasi. Simamisha bati kubwa nyuma ya kazi. Ukimaliza, kaa pale nusu saa mbele ya kufunga; moto wa cheche unaweza kulala mu takataka na kuamka wewe ukiwa umekwenda.

Ukikata simenti, tofali ao jiwe, funika pua na maski nzuri. Vumbi lile halitoki tena mu mapafu.

Mapipa na vyuma vya zamani

Hapa ndipo watu wanakufa mara moja. Pipa lenye lilibeba esanse ao mafuta, hata likiwa tupu tangu miezi, lina mvuke ndani. Cheche ya kwanza ikiingia, pipa linalipuka kama bomu. Pipa tupu liko hatari kuliko lenye kujaa, juu ndani yake hewa na mvuke vimechanganyika. Usilikate na mashine ya diski. Hata kuliosha na sabuni hakutoi hakikisho. Mafundi wengi wanafungua pipa la namna hiyo kwa patasi na nyundo, lakini hata patasi inaweza kutoa cheche. Kwa kazi ya mbabula, tafuta pipa lenye halikubeba mafuta.

Jambo lingine ni chuma chenye hukijui. Eneo letu lilipitia vita vya 1998 mpaka 2003, na machafuko mengine nyuma. Mutoto akileta mu atelie chuma cha duara, kizito, chenye kufungwa pande zote, usikikate, usikigonge, usikitupe. Kiache pale kilipo, ondoa watu, na wajulishe wakubwa wa eneo.

Kama ajali imefika

Kwanza chomoa mashine.

Damu ikitoka sana: bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachilia, na inua mukono juu. Usiweke udongo, kahawa ao mafuta ya mashine. Mupeleke mutu kwenye hospitali kuu ao kituo cha afya, na uulize juu ya sindano ya pepopunda, hata kama kidonda kiko kidogo.

Vumbi mu jicho: usisugue. Mwaga maji safi polepole, dakika kumi na zaidi. Usikubali mutu atoe kitu na sindano, na ncha ya kibiriti, ao na ulimi. Lakini kama kipande kimechoma jicho na kuingia, usikivute, usibonyeze, wala usioshe. Funika jicho na kikombe kidogo bila kuligusa, na uende hospitali siku ileile. Chuma chenye kubaki ndani ya jicho kinaoza pale, na jicho linaweza kupotea hata kama maumivu yamepungua.

Kwa wenye atelie

Apranti anajifunza kwa macho. Akiona muzee wa kazi anatoa kifuniko, atafikiri kwamba kutoa kifuniko ndiyo ufundi. Akiona kila asubuhi muzee anachomoa mashine, anapitisha kable mu vidole, anasoma namba ya diski, yeye pia atafanya vile siku yenye atafungua atelie yake. Unaweza kuandika namba ya mashine yako kwa rangi ukutani, pale diski zinawekwa, ili kila mutu alinganishe mbele ya kufunga.

Diski mupya inanunuliwa kwa franka. Kidole na jicho havinunuliwi popote, hapa Manono wala Kalemie. Ndugu fundi, kesho asubuhi, mbele ya kubonyeza kitufe, chukua dakika zako tano.